Kupanga Safari ya Uvuvi Kigoma: Msimu, Upepo na Mwezi (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina mbili. Wapo wanaokuja Kigoma mapumzikoni wakitaka kutupa mshipi siku mbili tatu, na wapo wanaotaka kulala kwenye Ziwa Tanganyika na wavuvi wa dagaa waione kazi yenyewe. Karibu wote huanza kwa kuuliza habari za chambo. Chambo utakipata hapa hapa mwaloni. Kinachopangwa mapema, kabla hata ya kukata tiketi, ni mwezi uko wapi angani na upepo unatoka wapi.

Nianze na kipi: msimu, hali ya hewa au mwezi?

Kama unataka usiku wa dagaa, anza na mwezi. Msimu utakusaidia kuchagua kipindi cha mwaka, mwezi wa angani utakuchagulia wiki, na upepo ndio utakaosema kama leo mnatoka au hamtoki. Tiketi ya treni au ya ndege ikatwe kwa kuufuata mwezi. Suala la kutoka mwaloni liachwe hadi jioni ile ile, mkiwa mmesimama kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga mnalitazama ziwa.

Kama unavua kwa ndoano mchana, mwezi una uzito mdogo sana. Hapo upepo ndio mkubwa.

Kwa nini wavuvi wa dagaa hawatoki wakati wa mbalamwezi?

Mchana dagaa hushuka kwenye maji ya kina, kwenye giza, ambako migebuka, samaki wanaowala, hawawaoni kwa urahisi. Jua likizama hupanda juu, wakifuata planktoni, vile viumbe vidogo wanavyovila, ambavyo navyo hupanda usiku. Mvuvi anawasha taa juu ya maji. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri zimeenea. Planktoni na dagaa hukusanyika chini ya ule mwanga, na wavu ulioshushwa chini yao huinuliwa taratibu.

Sasa fikiria mwezi mpevu uko juu. Mwanga umetapakaa ziwa zima, na taa yako imekuwa mwanga mmoja kati ya mwingi. Dagaa hawaoni sababu ya kukusanyika. Unachoma mafuta ya mashine usiku kucha, unarudi na ndoo moja. Ndiyo maana kila mwezi kuna takribani wiki moja ambayo vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, hukaa ufukweni, nyavu zinashonwa, mashine zinafunguliwa, na watu wanalala nyumbani kwao. Mimi naiheshimu sana wiki hiyo. Inampumzisha mvuvi, na inalipumzisha ziwa pia, bila mtu yeyote kutoa amri.

Nitajuaje giza linaanza lini? Sina programu ya mwezi kwenye simu.

Kalenda ya Kiislamu inatosha kabisa, na Ujiji huwezi kukosa nyumba yenye nayo ukutani. Hesabu zake zinafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo tarehe yenyewe inakuambia hali ya anga. Hapa nikisema mwezi 7, namaanisha tarehe 7 ya kalenda hiyo, si Julai.

Mwezi 1 hadi 4, mwezi ni mwembamba na unatua mapema, usiku karibu wote ni giza. Ukifika mwezi 7, jua linapozama mwezi uko katikati ya anga, na hautui mpaka kama saa saba usiku. Giza lako ni kuanzia hapo hadi alfajiri. Mwezi 14 na 15 unachomoza jua likizama na kutua jua likichomoza, hakuna giza. Kisha kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Mwezi 18 utauona kama saa tatu na nusu usiku, na mwezi 22 unakaribia saa saba usiku ndipo uchomoze. Kuanzia hapo giza ni refu tena, hadi mwezi uandame upya. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu.

Kwa mgeni mwenye usiku mmoja au miwili tu, nashauri siku za kuanzia mwezi 23 hadi mwezi 5 wa mwezi unaofuata. Siku za mwezi 7 na 8 nazo si mbaya, ila jiandae kukaa bila kazi hadi saa saba huku baridi ikikupiga. Siku za mwezi 19 hadi 21 ni kinyume chake: mnawahi, mnainua mara moja au mbili mapema, mwezi ukichomoza mnageuza.

Neno kwa watu wa Dar es Salaam: nchi nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua letu huchomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya lenu. Kwetu jua huzama karibu saa moja jioni. Ratiba yoyote ya mwezi uliyopakua, hakikisha imewekwa Kigoma.

Mawingu mazito usiku wa mbalamwezi hayasaidii?

Husaidia kidogo, na wapo wanaojaribu. Lakini mawingu hayo mara nyingi ni ya masika, na wingu la masika halifuniki mwezi tu, hubeba na radi. Usipange safari kwa kulitegemea.

Mimi ni mtu wa pwani. Bamvua na maji mafu vinahesabiwa vipi huku?

Havihesabiwi. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa macho ya mvuvi. Maji hupanda na kushuka kwa msimu: hujaa taratibu wakati wa mvua, hufika juu karibu na Mei, kisha hupungua hadi mvua zinapoanza tena. Kwa mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja. Ila miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda, maji yakafunika sehemu za mialo na nyumba za ufukweni, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani kuhusu mahali pa kuegesha boti. Uliza upya.

Na zile jedwali zinazotaja saa nzuri za samaki kula kwa kufuata mwezi?

Zilianzishwa na Mmarekani John Alden Knight mwaka 1926. Wazo lake ni kwamba samaki hula zaidi mwezi ukiwa juu kabisa au chini kabisa ya mtazamaji, na huongeza kula kwa kiasi kidogo unapochomoza na kutua. Kuna wavuvi wa ndoano wanaozipenda. Mimi siwezi kumshauri mtu aliyesafiri siku mbili kwa treni alale saa nne asubuhi kwa sababu jedwali imesema samaki hawali. Alfajiri na jioni, mwanga unapobadilika, ndizo saa ambazo samaki walao wenzao huwinda vizuri, na hizo hazihitaji jedwali.

Kuhusu mgandamizo wa hewa, ambao nao huulizwa: huku karibu na ikweta hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu ule ule, na mabadiliko makubwa kama ya nchi za baridi hatuyapati. Ushauri wa Ulaya na Marekani kuhusu hilo hauhamishiki kirahisi.

Miezi gani ya mwaka ni mizuri?

Inategemea unataka nini, na hapa nitakaa kidogo, maana ziwa hili lina mwendo wake.

Kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kulifuata ziwa kwa urefu wake. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, kwa hiyo upepo una nafasi ya kutosha kujenga mawimbi kabla hayajafika kwetu. Upepo huo husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusini, upande wa Zambia, maji baridi ya chini yenye rutuba hupanda juu. Upepo ukilegea, yale maji ya joto yaliyorundikwa huku kaskazini hurudi, na tabaka la maji baridi lililo chini huanza kuyumba polepole, kusini na kaskazini, kwa wiki kadhaa. Kila linapopanda huleta rutuba, rutuba huotesha mwani, mwani hulisha planktoni, planktoni hulisha dagaa. Kwa hiyo dagaa wanaoonekana baada ya kiangazi wana uhusiano na upepo uliokwisha kuvuma zamani. Mvuvi anaulaani upepo Julai, lakini huo huo ndio unaomlisha baadaye.

Septemba na Oktoba, upepo umepungua na mvua bado, ndicho kipindi ninachompendekezea mgeni. Ziwa mara nyingi limetulia, usiku si baridi sana, na ukilenga giza utaona taa zimetapakaa majini. Hewa huwa na ukungu wa moshi kwa sababu ya moto wa porini. Milima ya Kongo huenda usiione kabisa.

Novemba hadi Aprili ni mvua. Kigoma na Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, si miwili kama kaskazini na pwani. Samaki wapo na watu wanavua, lakini dhoruba za ghafla ni nyingi, na dagaa wakipatikana kuwakausha ni kazi nyingine.

Ni kweli ziwa hufungwa?

Kweli. Nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi, na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Yeyote anayepanga kuja katika miezi hiyo aulize kwanza tangazo la mwaka husika kwa afisa uvuvi wa halmashauri au kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, cha mahali anapotaka kufikia. Usimshawishi mtu akutoe kwa siri. Atakayepoteza chombo na nyavu ni yeye, wewe utakuwa umekwisha panda treni.

Nahitaji leseni?

Uvuvi na chombo cha uvuvi vyote vina leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukitoka kama mgeni kwenye chombo cha mvuvi, hakikisha chombo hicho kina karatasi zake. Ukitaka kuvua mwenyewe kwa ndoano, pitia kwa afisa uvuvi kabla, hasa kama si Mtanzania. Kokoro (wavu wa kukokota hadi ufukweni), sumu, baruti na neti za mbu ni marufuku. Ukialikwa kwenye kokoro, hata kama ni "kidogo tu cha kitoweo", kataa. Linazoa watoto wa samaki pamoja na mazalia yao.

Upepo gani niuogope?

Kwa siku ya kawaida, usiku na asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana jua likishika hugeuka ikatoka ziwani kuja nchi kavu. Mtumbwi hutoka jioni na kurudi asubuhi, na mwendo huo haukuzuka bure. Boti ya mgeni itoke alfajiri, irudi kabla ya saa sita mchana.

Kiangazi, ogopa upepo wa kusini uliovuma siku nzima bila kulegea jioni. Ndani ya ghuba ya Kigoma hutauhisi sawasawa kwa sababu rasi zinakukinga; ukitoka nje ndipo unakutana na mawimbi. Usilipime ziwa ukiwa ghubani.

Masika, ogopa utulivu. Ukiwa majini ukaona radi zinawaka juu ya milima ya Kongo, wingu jeusi lina ukingo ulionyooka chini, na upepo uliokuwepo unakatika ghafla, usingoje kuinua wavu mara ya mwisho. Geuza. Ziwa kwa wastani lina upana wa kilomita 50, na dhoruba haihitaji muda mrefu kuuvuka. Mzee wa chombo akisema turudi, hakuna mjadala, hata kama wewe ndiye uliyenunua mafuta.

Utabiri nautoa wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku na taarifa za siku 5 zenye viwango vitatu vya onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Soma hasa upepo na mawimbi ya maziwa, maana utabiri wa mji wa Kigoma unaweza kusema jua na joto siku ambayo nje ya ghuba hapakaliki. Kisha, saa kumi jioni, nenda mwaloni. Kama wenyeji hawaandai taa, hilo ni jibu tosha.

Nishushe ndoano kina gani? Nasikia ziwa lina kina cha kilomita.

Lina kina cha mita 1,470 mahali pa ndani kabisa, la pili duniani baada ya Baikal. Lakini oksijeni iko juu tu. Upande wetu wa kaskazini huisha karibu na mita 100, kusini hufika kama mita 200. Chini ya hapo hakuna samaki. Mshipi wa mita 300 ni mzigo wa bure.

Nivue samaki gani kwa ndoano, na saa ngapi?

Migebuka wako maji ya wazi wakifuata dagaa, na huwinda kwa macho. Alfajiri ndiyo saa yao, na usiku hunaswa kwa mshipi pembeni ya taa za wavuvi wa dagaa. Hapa mbalamwezi si adui sana, kwa kuwa mwanga humsaidia naye kuona. Sangala wakubwa hukaa chini zaidi, kwenye miteremko ya mawe.

Kuhe ni wa karibu na ufukwe, penye mchanga na mawe. Katika jamii yake ya samaki, ile ya perege na sato, ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Dume na jike hulinda watoto wao pamoja. Maji yetu ni meupe, kiangazi unaona chini mita nyingi, kwa hiyo utawaona wawili wamesimama juu ya wingu la vitoto. Tafadhali waache. Ukimtoa mmoja, waliobaki huliwa. Kuhe mwingine asiye na watoto yuko mita chache mbele.

Gombe na Mahale naweza kuvua?

Hizo ni hifadhi za taifa, na mipaka ya Mahale inaingia hadi majini. Bila kibali cha TANAPA usitupe kitu. Ukitaka kulala na wavuvi upande huo, vijiji vya nje ya mpaka kama Mwamgongo vina wavuvi wa kutosha.

Na Malagarasi, au mabwawa ya Tabora? Mwezi unahusika?

Kidogo mno. Huko bwana mkubwa ni mvua. Bonde la Malagarasi na Moyowosi, ambalo tangu mwaka 2000 liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, hufurika masika, na kambale na perege husambaa kwenye mbuga zilizojaa maji kuzaliana. Kiangazi maji hurudi kwenye mkondo na madimbwi, samaki wanasongamana. Julai hadi Oktoba ndio wakati wa kwenda na mshipi. Mvua za kwanza zikinyesha utawaona kambale wakipanda kwenye vijito kwa wingi, na ni rahisi kuwazoa kwa mikono. Hao wanakwenda kutaga, kwa hiyo usijivunie kapu la siku hiyo.

Kambale hula vizuri usiku wa giza na maji yakiwa ya tope. Ilagala, karibu na mahali Malagarasi inapoingia ziwani, kuna mamba na viboko. Vua ukiwa juu ya kingo, usisimame majini. Ukielekea mto Ugalla, kumbuka ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Nje ya mji wa Tabora, bwawa la Igombe lina perege, nalo uliza utaratibu wake kwanza kwa sababu limekuwa chanzo cha maji ya mji.

Nibebe nini kwa usiku mmoja ziwani?

Jaketi okozi lako mwenyewe, linalokutosha, na ulivae, usilikalie. Sweta na koti la mvua hata Septemba. Tochi, maji ya kunywa, simu kwenye mfuko usioingiza maji, dawa ya kichefuchefu kama hujazoea. Taa za dagaa zinaumiza macho. Kofia yenye ukingo inasaidia. Mwachie namba ya mwalo mtu aliye nchi kavu na mwambie mtarudi saa ngapi. Watoto wasipelekwe usiku.

Nataka kununua dagaa nirudi nao. Mwezi na hali ya hewa vinahusika?

Sana, na wanunuzi wengi hawalijui hili. Dagaa huvuliwa usiku na huanikwa asubuhi ile ile, kwenye mchanga, kwenye turubai au kwenye vichanja. Jua kali la siku moja au mbili huwakausha wakabaki na rangi ya fedha. Mvua ikinyesha mchana huo wanalowa, wanageuka rangi ya kahawia, na harufu haitoki. Kwa hiyo dagaa bora hupatikana giza likikutana na jua: wiki ya giza ya kiangazi, ziwa likiwa wazi, au mwanzo wa Oktoba. Bei hushuka katikati ya giza na kupanda wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mzigo mpya haushuki. Ukinunua siku za mbalamwezi, jua unanunua wa wiki iliyopita. Chukua wa kichanja hata kama ni ghali. Hawana mchanga, na mama aliyewaanika juu amefanya kazi zaidi.

Nimekwisha pata likizo na imeangukia mwezi 13 hadi 17. Nifanye nini?

Njoo. Dagaa hutawaona wakivuliwa, lakini wavuvi wako nyumbani na wana muda, jambo ambalo wiki ya giza hulipati. Kaa Katonga uangalie nyavu zikishonwa na uulize maswali yako yote. Alfajiri toka na boti ndogo kwa ndoano kutafuta migebuka nje ya ghuba, urudi upepo wa mchana haujaanza. Kama siku moja unaweza kuiongeza mwishoni, isogeze hadi mwezi 19: kutakuwa na zaidi ya saa mbili za giza kabla mwezi haujachomoza, na baadhi ya vyombo vinaanza kutoka usiku huo. Ongea na mwenye chombo siku mbili kabla, mkubaliane mafuta ni ya nani.